Kati ya Kichaka na Birika

Laiti Sindano angejua kwamba watu wangepangwa kwa urefu wa hatua zao, siku ile angejifunika shuka gubigubi akasema kichwa kinamgonga. Lakini hakujua. Alitoka nyumbani mapema, kofia kichwani na chupa ya maji kwapani, akifuatana na dada yake mkubwa, akaenda kutafuta kimondo kama watu wengine wa mji ule.

Kimondo chenyewe kilikuwa kimepita juu ya mapaa wiki iliyotangulia. Kilimulika barabara ikawa kama mchana, kikanguruma, kisha kikaenda kuangukia huko malishoni. Ndivyo alivyosema mama mmoja mtafiti aliyekuja na gari lililojaa kamba na vibendera, ambaye mji mzima ulimwita Mtaalamu. Alitaka watu wa kujitolea, wenye macho mazuri na magoti mazima. Watu wakamwambia kwamba kwa magoti hawaahidi, ila kwa macho ampate yule fundi cherehani. Jina la Sindano alilipata hivyohivyo: tangu utotoni, sindano ikidondoka kwenye zulia, watu wazima wanatambaa weee mpaka wanachoka, akiitwa yeye anatazama tu, anainama, anaiokota.

Kule malishoni Mtaalamu alikuwa na utaratibu wake, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Watu walitembea katika mstari mmoja mpana, kila mmoja na ukanda wake wa ardhi, macho chini, wakienda sambamba. Hatua zikipishana mstari unapinda, na mstari uliopinda unaacha mapengo. Kwa hiyo alitandika kamba mbili nyasini, akawatembeza watu wawili wawili kutoka kamba hii hadi ile, akitazama nyayo. Sindano alipovuka kamba ya pili, mguu wa mtu mwingine ulitua pamoja na wake, pa, kama miguu ya mtu mmoja.

"Nyinyi wawili hatua zenu ni moja," alisema Mtaalamu, akiwanyooshea kalamu. "Mmewahi kufanya kazi pamoja?"

Sindano aligeuka kumtazama huyo mwenzake. Alikuwa Mwokaji.

"Hapana," alisema Sindano.

"Tumewahi kutembea pamoja," alisema Mwokaji.

Mtaalamu hakuwa na habari ya mambo yao, akawapanga ubavu kwa ubavu.

Naam, waliwahi kutembea. Enzi hizo Mwokaji alikuwa akimaliza kazi ya tanuri asubuhi, anajipangusa unga, anamsindikiza Sindano mpaka kwenye duka lake la cherehani. Yeye alifupisha hatua, binti wa watu akarefusha zake, mpaka ikawa haijulikani nani amemwiga nani. Wakazungumzia ndoa. Ndipo Dada aliposema yake. Dada huyu ndiye aliyemlea Sindano baada ya mama yao kufariki, akamwacha hata mchumba wake mwenyewe kwa sababu hiyo, na neno lake ndani ya nyumba ile lilikuwa la mama na baba. Alisema Mwokaji alikwisha kuachana na mke mmoja, na aliyeacha mmoja hashindwi kuacha wa pili. Alisema pia kwamba mume anayelala mchana na kuamka usiku ni bundi, na yeye hakumlea mdogo wake ili aolewe na bundi. Sindano alilia siku kadhaa, kisha akamtumia Mwokaji ujumbe kwamba asije tena. Tangu hapo alinunua mikate ya duka la kona, migumu kama soli ya kiatu, na kila asubuhi aliitafuna akijiambia ni mizuri.

Dada alipoona mpango ule wa Mtaalamu alisogea palepale. Akasema yeye na mdogo wake hawatengani, atakuwa upande wake wa pili. Mtaalamu akamwambia kwa upole kwamba hatua zake ni fupi. Dada akasema atazirefusha. Akakunja sketi yake kiunoni na kuanza kupiga hatua za askari, na mzee mmoja fundi saa, aliyekuwa mwisho wa mstari, akasema kwa mwendo huo kimondo kitaokotwa kabla hakijapoa. Watu wakacheka. Dada hakucheka.

Kabla filimbi haijalia Mtaalamu alitoa sharti lake kubwa. Kila wakifika mwisho wa ukanda atampitia kila mtu na kumuuliza neno moja: safi? Mtu akijibu safi, maana yake macho yake hayakuondoka ardhini tangu mwanzo hadi mwisho, na ukanda ule unawekewa kibendera na haurudiwi. Akiwa alitazama ndege, akiwa alipenga kamasi, akiwa alikuwa na mawazo ya mkopo wake, aseme tu, arudie, hakuna wa kumcheka. Mbuga ilikuwa kubwa, mvua ilikuwa inakuja, na jiwe la kimondo lina chuma, likinyeshewa linaanza kushika kutu, linaharibika.

"Neno lenu ndiyo macho yangu," alisema. "Mkinidanganya, mimi ni kipofu."

Wakaanza. Nyasi zilikuwa fupi, zimeliwa na mifugo, na ardhi ilikuwa na vijiwe vya kahawia na vinyesi vikavu vilivyowadanganya watu kila baada ya hatua chache. Kwa muda mrefu Sindano hakusikia ila viatu. Kiatu chake na cha Mwokaji viligusa chini kwa pamoja, na kiatu cha Dada kikafuata nyuma kidogo, kikihema. Alimwona Mwokaji kwa pembe ya jicho tu: mkono unaning'inia, ncha ya kofia. Harufu yake ilikuwa ileile ya hamira na moshi. Sindano alikaza macho yake chini kana kwamba ardhi ile inamdai.

Katika ukanda wa tatu, walipokuwa wanakaribia kichaka cha miiba, Mwokaji alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso:

"Leo saa kumi nakabidhi funguo za tanuri."

"Funguo za tanuri gani?"

"Langu. Nimeuza na duka. Kaka yangu ana kiwanda cha mikate huko anakoishi, ameniita muda mrefu. Gari la saa kumi linanipitia palepale dukani."

Sindano alipiga hatua mbili tatu bila kujua anakanyaga nini. Akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, "Sasa huku umekuja kufanya nini?"

"Si kimondo. Nilisikia umejiandikisha. Sindano, mimi sitaki kukutia majaribuni mbele ya mkubwa wako. Namheshimu. Ila nikiondoka bila kukuuliza nitajilaumu mpaka kufa. Niambie neno moja tu. Ukisema nibaki, namwambia yule mnunuzi arudi kwao, na jioni nawasha tanuri langu kama kawaida."

Hapo walikuwa kwenye kichaka. Na hapo ndipo Sindano alipoinua macho.

Alimtazama. Alikuwa amezoea kumwona na unga kwenye nyusi, ukimfanya mzee kabla ya wakati wake. Sasa hakuwa na unga, na nyusi zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limeshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine, mshono wa mwanamume, hovyo kabisa, na Sindano akatamani kumvua palepale alifumue alishone upya. Mwokaji naye akainua macho. Wakatazamana hivyo wakitembea, hatua kwa hatua, mguu kwa mguu, wakipita kwenye ukanda wao kama watu wanaopita sebuleni kwao. Alitaka kusema baki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha Dada akakohoa upande wa pili, kikohozi kikavu, na Sindano akashusha macho. Walikuwa wamefika kwenye birika la zege la kunyweshea mifugo. Mwisho wa ukanda ulikuwa hapo mbele tu, na filimbi ikalia.

Mtaalamu alikuja na vibendera vyake.

"Safi?"

"Safi," alisema Dada, akijifuta jasho.

"Safi?"

Sindano alihisi Dada anamtazama. Akilini aliona njia nzima waliyoipita, kila kijiwe na kila kinyesi, mpaka kwenye kichaka. Na baada ya kichaka hakuona kitu isipokuwa uso wa mtu. Angesema. Lakini angesema alikuwa anatazama nini? Ndege?

"Safi," alisema.

Kibendera kikachomekwa mbele ya miguu yake. Mtaalamu akasogea.

"Safi?"

"Si safi," alisema Mwokaji. Alisema kwa sauti ambayo mstari mzima uliisikia. "Kuanzia kwenye kichaka mpaka kwenye birika sikutazama chini hata mara moja. Nilikuwa namtazama mtu."

Mzee fundi saa alipiga mluzi, na wengine wakaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Alimshukuru, akamwambia arudie kipande hicho, kisha akamgeukia tena Sindano, maana hakuwa mjinga.

"Na wewe jirani yake, una hakika na wako?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Wengi wetu hatupewi hata moja.

"Nina hakika," alisema Sindano.

Mwokaji alimtazama mara moja. Akageuka, akarudi peke yake mpaka kichakani, akaanza upya. Watu walikaa chini kumsubiri, wengine wakafungua chupa za maji. Sindano alisimama. Alimwona akija polepole, ameinama, macho hayabanduki chini, akiufuata ukanda wake bila kukengeuka hata kidogo kuelekea ule wa pembeni. Mikono alikuwa ameifunga mgongoni. Alipofika alimwambia Mtaalamu kwamba sasa ni safi, hakuna kitu, na kwamba anaomba ruhusa aondoke, ana jambo mjini. Alivirudisha vibendera alivyokuwa amepewa kwenye kikapu cha Mtaalamu. Alipompita Sindano alisita.

"Nilidhani tungerudi wawili," alisema.

Akamuaga Dada kwa heshima, kama ilivyo ada, akashika njia.

Kuelekea saa tisa ndipo walipokula, chini ya turubai. Mikate ilikuwa ya Mwokaji; kumbe aliipeleka alfajiri kwenye gari la Mtaalamu, kapu zima, mikate yake ya mwisho. Dada alikula kipande, akaongeza cha pili, akasema mkate huu si haba. Sindano alitafuna wake. Ganda lake lilikuwa limeungua kidogo upande mmoja, kama alivyokuwa akimwekea yeye zamani, kwa kuwa alipenda ganda lililoungua. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alifikiria mvua, na jiwe lililosafiri kutoka huko lilikotoka, lije lioze hapa kwa sababu ya woga wa fundi cherehani mmoja. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwa Mtaalamu, mbele ya watu wote na mkate mkononi.

"Ukanda wangu wa tatu si safi," alisema. "Nilikudanganya. Kati ya kichaka na birika sikuona ardhi."

Alingoja kukaripiwa. Mtaalamu alimtazama kidogo, kisha akachomoa kibendera kimoja kwenye kikapu na kumpa.

"Afadhali sasa kuliko kesho," alisema. "Nenda."

Alianzia kichakani. Hakuhitaji kwenda mbali. Hatua chache tu, upande wa kulia wa ukanda wake, lilikuwa limekaa pale juu ya nyasi wala halijajificha, jeusi tii, ukubwa wa ngumi ya mtoto, lina ganda lililoungua kama pembe ya mkate uliosahauliwa tanurini. Kando yake kulikuwa na alama ya kisigino. Alikitambua, kilikuwa cha kiatu chake. Na upande wa pili wa jiwe, ndani ya ukanda wa jirani, zilipita nyayo za Mwokaji, seti mbili, za kwenda naye na za kurudia. Zile za pili zilikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa. Lakini hakutazama upande ule. Aliambiwa upande ule ni safi, naye aliamini.

Sindano alipiga magoti. Hakuligusa, walikuwa wamekatazwa kuligusa kwa mkono mtupu. Alichomeka kibendera, akakaa palepale akilia, na watu waliokuja mbio wakishangilia walidhani ni machozi ya furaha. Mtaalamu alipiga picha, akalifunika jiwe kwa karatasi ya fedha, akasema hili limepatikana kwa juhudi za wawili, yeye na yule jirani yake mkweli, yuko wapi apigwe picha. Mzee fundi saa akatazama saa yake, akasema mkweli ameshaondoka zamani.

Dada alimkuta akijikung'uta magoti.

"Uliniona nikimtazama," alisema Sindano.

"Nilikuona. Kisigino chako nacho nilikiona kinaenda kombo. Mimi si kipofu."

"Mbona hukusema kwa Mtaalamu?"

"Halikuwa neno langu." Dada aliishusha sketi yake, akainyoosha kwa viganja, akachukua muda. "Mdogo wangu, nilijua anaondoka leo. Mji mzima unajua. Unadhani mimi na miguu hii nimekuja kutafuta mawe? Nilikuja nikusikie. Nilijiambia, leo akifungua mdomo wake akamtetea huyu mwanamume mbele yangu, nitanyamaza, nitamwachia Mungu. Nikakohoa nikupe moyo."

"Ulikohoa nikaogopa."

"Basi." Macho ya Dada yalikuwa mekundu. "Siku ile ya kwanza mimi nilisema langu, ni kweli, na ulikuwa ni ukali. Niliogopa utaachwa ubaki peke yako kama mimi. Lakini wewe hukusema lako. Hukunijibu hata kidogo. Ulimjibu yeye. Nilikungoja miaka yote uje unigombeze."

Hawakukumbatiana. Dada alimpokonya chupa ya maji na kofia, vitu vya kumlemea, akamwambia akimbie.

Akakimbia. Alikatiza malishoni, akaruka mtaro, akaingia mjini vumbi mpaka magotini, akipita watu wanaomsalimu asiwaitikie. Matone ya kwanza ya mvua yalimkuta kwenye kona ya duka la mikate. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamume mnene asiyemfahamu alikuwa amesimama mbele ya tanuri, funguo mkononi, akifungua na kufunga mlango wake wa chuma kama mtu anayejaribu gari jipya. Sindano aliweka kiganja juu ya matofali ya tanuri. Yalikuwa bado na uvuguvugu.

"Kwa leo hakuna mkate, mama," alisema yule mtu. "Nitaanza kesho."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Gari limemchukua sasa hivi. Na limepiga honi hilo, mpaka dereva akatukana. Alikuwa amesimama hapo mlangoni anatazama barabara ya malishoni, haingii garini wala harudi ndani. Nikamuuliza kama anamngoja mtu, akasema hapana, aliambiwa ni safi." Yule mtu alitikisa kichwa. "Sikumwelewa. Kwani wewe ni nani wake?"

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Sindano alijipangusa uso kwa mkono ulioshika udongo.

"Mimi ni mchumba wake," alisema.

Lilitoka bila kukwama, kwa sauti ambayo hata wapita njia waliojibanza barazani waliisikia wakageuka. Yule mtu alimtazama toka kofia asiyokuwa nayo hadi viatu vyenye vumbi, akamhurumia, akamvutia kiti.

"Basi kaa, mama," alisema. "Mvua ikatike."